Namna ya Kutafakari Mateso ya Kristo Ili Kuuona Upendo wa Mungu

Wakristo wengi wamelisikia simulizi la kusulubiwa kwa Yesu tangu utotoni, na wamelizoea kiasi kwamba likisomwa Ijumaa Kuu masikio husikia lakini moyo haushtuki. Wengine huguswa sana, ila kinachowagusa ni damu, misumari na mijeledi, na wakitoka kanisani hubaki na huruma kwa mtu aliyeteswa bila kumjua zaidi Mungu anayependa. Mwongozo huu ni kwa ajili ya yeyote anayetaka kukaa na simulizi hilo kwa utulivu, awe peke yake au pamoja na wenzake katika jumuiya au ibada ya nyumbani, ili apate kuona alichokiona Mtume Paulo alipoandika kwamba "Mungu aonyesha pendo lake yeye mwenyewe kwetu sisi, kwa kuwa Kristo alikufa kwa ajili yetu, tulipokuwa tungali wenye dhambi" (Warumi 5:8). Paulo hapimi upendo huo kwa wingi wa maumivu. Anatutaka tuangalie ni nani aliyejitoa, alijitoa kwa ajili ya nani, na watu hao walikuwa katika hali gani wakati huo. Yaandike maswali hayo matatu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako kabla ya kuifungua Biblia, kwa sababu utayarudia mara nyingi.

Chagua Injili moja, ukae nayo

Desturi ya kutafakari maneno saba ya Yesu msalabani ni nzuri, na makanisa mengi huifuata, lakini maneno hayo yamekusanywa kutoka Injili zote nne: Mathayo na Marko wameandika neno moja lile lile, Luka matatu, na Yohana matatu. Anayeanza afadhali achague mwinjilisti mmoja na kumfuata mpaka mwisho, asiruke huku na huko, kwa kuwa kila mmoja ana mpangilio wake na jambo analotaka tulione. Kwa mara ya kwanza ninapendekeza Marko, kuanzia Gethsemane (14:32) hadi maziko (15:47). Simulizi lake ni fupi, halina mapambo, na sura yote ya 15 ina mistari 47 tu.

Marko pia anatupa saa. Yesu alisulubiwa saa tatu, giza likaingia saa sita, naye akalia kwa sauti kuu saa tisa, nayo ni hesabu ile ile ya saa tunayoitumia sisi kila siku. Basi unaweza kuigawa siku yenyewe ya Ijumaa Kuu: usome 15:1–32 saa tatu asubuhi, usome mstari wa 33 peke yake saa sita mchana, kisha saa tisa alasiri umalizie sura. Wakristo wamefanya hivi tangu zamani. Egeria, mwanamke mhujaji aliyefika Yerusalemu mwishoni mwa karne ya 4, aliandika jinsi waumini walivyokusanyika pale Golgotha siku hiyo tangu saa sita hadi saa tisa wakisikiliza masomo ya mateso, na jinsi wakubwa kwa wadogo walivyolia. Ikiwa uko zamu kazini, kama walivyo wauguzi, walinzi na madereva wengi hata siku ya sikukuu, dakika chache kwa kila saa zinatosha, mradi simu iwekwe kando.

Ujue msalaba ulikuwa nini

Kwetu msalaba ni alama ya heshima, huvaliwa shingoni na kusimikwa juu ya paa la kanisa. Kwa watu wa karne ya 1 ulikuwa adhabu ya Warumi kwa watumwa na waasi, nao Warumi walipenda kuutekeleza kandokando ya njia ili wapitao waone na kuogopa. Mwaka 71 kabla ya Kristo, baada ya kuzimwa kwa uasi wa watumwa ulioongozwa na Spartacus, watu wapatao 6,000 walitundikwa kwenye barabara iendayo Roma kutoka Capua. Mwaka 1968 wachimbuaji wa mambo ya kale walipata katika kaburi moja mjini Yerusalemu mfupa wa kisigino ambao bado ulikuwa na msumari ndani yake, mfupa wa mwanamume aliyesulubiwa katika karne ile ile ya 1. Kwa Myahudi kulikuwa na uchungu mwingine zaidi, kwa kuwa Torati ilisema aliyetundikwa amelaaniwa na Mungu (Kumbukumbu la Torati 21:23), na Paulo hakuukwepa mstari huo bali aliukabili waziwazi katika Wagalatia 3:13.

Hapo ndipo swali la kwanza linapopata uzito. Aliyetundikwa pale ndiye ambaye Kanisa linamkiri kuwa Mwana wa Mungu, naye alikufa kifo cha mtumwa. Upendo wa Mungu ulishuka mpaka mahali ambapo mtu mwenye heshima zake asingetaka hata kupatazama.

Ukishalijua hilo, usiongeze. Angalia jinsi Marko anavyolitaja tendo lenyewe la kusulubisha kwa maneno machache mno, kisha akageukia mara moja habari ya askari wanaopigia kura mavazi. Hakuna mwinjilisti anayehesabu mapigo wala kueleza jinsi misumari ilivyoingia. Mhubiri anayetumia nusu saa kueleza mijeledi huwafanya watu walie, lakini anawapeleka mahali ambapo Injili zenyewe hazikukusudia kukaa.

Tafuta watu

Soma mara ya pili polepole, kwa sauti, na kila anapotokea mtu umwandike: Petro aliyemkana Bwana wake, Pilato aliyetaka kuwaridhisha makutano, Baraba, askari, Simoni Mkirene, wapitao njia, makuhani wakuu, wanyang'anyi wawili, akida, wanawake waliotazama kwa mbali, Yusufu wa Arimathaya. Mbele ya kila jina uliza swali la pili na la tatu: je, alijitoa kwa ajili ya huyu pia, na huyu alikuwa katika hali gani saa ile? Usiharakishe kwa Baraba. Marko anasema alikuwa amefungwa pamoja na waasi waliofanya mauaji katika fitina, naye ndiye aliyefunguliwa. Hakuomba, hakutubu, wala hatusikii kwamba alishukuru. Kaa pia na Simoni, mtu wa Kirene, mji uliokuwa katika nchi tunayoiita leo Libya, aliyekuwa akitoka shamba na kushurutishwa kuubeba msalaba. Marko anawataja na wanawe, Iskanda na Rufo, kana kwamba wasomaji wake wa kwanza waliwafahamu.

Baada ya hapo rudi kwenye sura ya 15, mistari ya 29 hadi 39, usome kama mtu anayesikiliza kesi. Wapitao njia wanatikisa vichwa wakimtaka Yesu ajiponye na kushuka msalabani. Makuhani wakuu na waandishi wanadhihaki wakisema kwamba aliwaponya wengine lakini hawezi kujiponya mwenyewe, na kwamba akishuka sasa hivi wataona na kuamini. Hata waliosulubiwa pamoja naye wanamfyolea. Makundi matatu yanamsimanga, na mawili kati yao yanadai jambo moja: ashuke. Yeye hajibu. Kisha fika mstari wa 39, ambapo akida wa Kirumi, aliyesimama akimwelekea, anaona jinsi alivyokata roho na kusema kwamba hakika mtu huyu alikuwa Mwana wa Mungu. Viongozi waliahidi kuamini kama wangemwona akishuka, na mgeni yule akakiri baada ya kumwona akibaki. Hii ndiyo sehemu ambayo ningependa uipe muda mrefu kuliko nyingine zote. Dhihaka ya makuhani ilikuwa na kweli ambayo wao wenyewe hawakuijua, kwa maana aliyekusudia kuwaokoa wengine hakuweza wakati huo huo kujiokoa mwenyewe, na kilichomzuia kushuka ni kwamba aliwapenda, pamoja na wale waliokuwa wakimcheka. Andika kwa maneno yako mwenyewe ni mara ngapi na wewe umemtaka Mungu athibitishe upendo wake kwa kushuka, yaani kwa kukuondolea shida papo hapo. Kisha nyamaza.

Usikikimbie kilio cha saa tisa

"Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Watu wengi wakifika hapa hutafuta maelezo ya haraka ili maneno hayo yasiwaumize. Nakushauri usifanye hivyo. Fungua Zaburi ya 22, ambayo huanza na kilio hicho hicho, uisome yote mpaka mwisho, ukitazama jinsi anayelia anavyoendelea kumwita Mungu "wangu" hata anapohisi ameachwa, na jinsi mstari wa 24 unavyosema kwamba Mungu "hakulidharau teso la mteswa". Aliyefiwa, aliyeachwa na mumewe au mkewe, au anayelala na ugonjwa usiopona anaweza kukaa hapa siku nzima bila kuendelea, na hatakuwa amepoteza kitu, kwa kuwa upendo unaoonekana hapa ni wa Mungu aliyeingia ndani ya kilio chetu.

Mambo matatu ya kujihadhari nayo

La kwanza ni kuwatenganisha Baba na Mwana, kana kwamba Baba ana hasira tu na Mwana anamzuia. Paulo anasema Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake (2 Wakorintho 5:19), na Yohana anasema Mungu ndiye aliyetupenda kwanza na kumtuma Mwanawe kuwa kipatanisho kwa dhambi zetu (1 Yohana 4:10). Msalaba haukumshawishi Mungu aanze kutupenda. Ulitokana na upendo wake.

La pili ni kuwatupia Wayahudi lawama. Yesu alikuwa Myahudi, na mama yake na mitume vilevile, na hukumu ilitekelezwa na dola ya Roma. Kanisa Katoliki lilitamka wazi katika tamko la *Nostra Aetate* la mwaka 1965 kwamba yaliyotokea katika mateso hayo hayawezi kuwekwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule wala wa leo.

La tatu linahitaji maneno zaidi, kwa sababu limeumiza watu wengi majumbani. Mwanamke anayepigwa na mumewe huambiwa mara nyingi auchukue msalaba wake na kuvumilia, na wanaomwambia hudhani wanamfundisha upendo wa Kristo. Kristo alisema kuhusu uhai wake kwamba hakuna amwondoleaye, bali anautoa mwenyewe (Yohana 10:18). Alijitoa kwa hiari yake, akijua anachokifanya, kwa ajili ya wokovu wa watu. Kipigo kinachotolewa na mtu mwingine kwa nguvu hakifanani na kujitoa huko, na kukikimbia si kuukana msalaba. Anayeongoza tafakari katika kikundi na alitamke hilo waziwazi, kwa kuwa huenda aliyepigwa jana ameketi mbele yake.

Tafakari iwe sala, na sala iwe tendo

Ukimaliza kusoma, pitia ulichoandika na uchague jambo moja tu. Ligeuze kuwa sala fupi unayoweza kuishika kichwani, kwa mfano maneno ya Paulo ukiyaelekeza kwa Kristo mwenyewe: ulinipenda, ukajitoa nafsi yako kwa ajili yangu (Wagalatia 2:20). Kisha jiulize kama kuna mtu ambaye jina lake linakuzuia kusali.

Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alipitia jambo hilo mwaka 1977. Mwezi Februari mwaka huo Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, na Kivengere akalazimika kuikimbia Uganda. Siku ya Ijumaa Kuu alikuwa London katika ibada ya kutafakari maneno ya msalabani, na alipofikia neno ambalo Luka ameliandika, "Baba, uwasamehe", aliuona ugumu uliokuwa umejengeka moyoni mwake. Alijiuliza kama Yesu angemwacha Amin nje ya sala hiyo iwapo Amin ndiye angekuwa askari aliyeshika misumari, akajua jibu, akaomba neema ya kumsamehe. Hakuacha kusema hadharani kwamba mauaji yale yalikuwa uovu. Ni vizuri kukumbuka mambo yote mawili unapoandika jina la mtu aliyekukosea, kwa kuwa kusamehe hakukutaki useme kwamba hukukosewa.

Mkiwa kikundi, kiongozi asihubiri. Someni kwa zamu, mkae kimya dakika tano baada ya kila sehemu, kisha kila anayependa aseme jambo moja aliloliona, pasipo kubishana wala kumsahihisha mwenzake. Watoto wapewe kusoma maneno ya akida na kumwigiza Simoni. Asiyetaka kusema asilazimishwe.

Malizeni kwa maziko, msikimbilie ufufuo jioni ile ile. Jumamosi ibaki bila somo la kikundi, na Jumapili asubuhi soma Marko 16:1–8, ukiangalia kwamba wanawake wanaokwenda kaburini ni wale wale waliotazama kwa mbali katika 15:40. Kwaresima ijayo chukua Yohana, uanze kwenye sura ya 13, ambapo Yesu anawaosha wanafunzi miguu, Yuda akiwa bado ameketi pamoja nao, na maswali matatu yawe yale yale.