Kabla hujashonea wivingi: angalia kichwa chako kwanza, picha baadaye

Umeshaona picha ya wivingi, hizo nywele za kushonea, umeshaituma kwa shosti, ameshakwambia itakutoa balaa, imebaki tu kwenda saluni za Wandegeya hapa Kampala kukaa kwenye kiti. Ngoja kidogo nyabo. Picha ile ni ya siku ya kwanza, na siku ya kwanza kila wivingi inapendeza, hata ile ya nyuzi za plastiki. Cha kuamua ni wiki ya 6 utakuwaje, na siku ya kufumua utakuta nini huko chini.

Kwa hiyo anza na nywele zako mwenyewe. Simama dirishani kwenye mwanga, zivute nyuma taratibu, angalia kule mbele kwenye paji na juu ya masikio. Kama pameanza kuwa na nywele chache chache, au kuna vipele vidogo kwenye mizizi, au ngozi inang'aa pasipo na kitu, habari ya wivingi tuiache kwa sasa. Hizo ni nywele zinazotoka kwa kuvutwa. Ukiacha mapema zinarudi, lakini ukiendelea kuzivuta miaka na miaka vile vinyweleo vinapata kovu na hapo hakuna mafuta yoyote ya maduka ya Kikuubo yatakayozirudisha, hata uuziwe kichupa chenye picha ya mwanamke mwenye nywele za kufika kiunoni. Ukimuona mtu amefunga kitambaa kila siku mbele tu, usimcheke.

Kama una mapunye, vidonda au mba wenye ukoko, tibu kwanza, kwa sababu fangasi wanapenda joto na unyevunyevu na wewe unataka kuwajengea nyumba. Umejifungua juzijuzi? Kwenye mwezi wa 3 hivi baada ya kuzaa nywele za wengi hupukutika zenyewe kwa mambo ya homoni, zinarudi tu, ila sio wakati wa kuzibebesha mzigo. Umetia dawa ya kulainisha? Subiri kama wiki 2 ndio usukwe, nywele iliyotoka kwenye dawa ni dhaifu.

Halafu kuna nyinyi watoto wa vac, ile likizo ya baada ya kumaliza shule. Shule nyingi hapa Uganda wasichana wananyoa, kwa hiyo mtu anamaliza S.6 (kidato cha sita) na nywele za sentimita 2 na hamu ya miaka yote ile, wiki ya kwanza tu anataka wivingi ya urefu wa nchi 22. Nywele hukua kama sentimita 1 na kitu kidogo kwa mwezi. Ili msusi apate pa kushika biswahili, ile mistari ya chini inayoshonewa wivingi, bila kung'ang'ania mizizi, angalau uwe na sentimita 5. Piga hesabu mwenyewe, ni kama miezi 3. Najua kuna wasusi wa kunyakua hata kinywele cha jana kwa ncha ya kucha, na watu wanawasifia kabisa kwamba wana mkono, mimi huo mkono siutaki kichwani kwangu. Vac yenyewe ni ndefu, vaa wigi huku unafuga.

Sasa kalenda. Wivingi ya kushona isizidi wiki 8, na wiki 6 ndio nzuri zaidi, kwa maana mistari ya chini inalegea nywele zinavyokua na uzito wote unaning'inia kwenye vinywele vichache. Basi hesabu kutoka kwenye shughuli yako kurudi nyuma. Una kwanjula (sherehe ya kutambulisha mchumba) ya dada yako, una graduation, una harusi Jinja? Shonea siku 3 au 4 kabla, ili kama kuna mahali pamekaza sana upate muda wa kurekebisha, sio asubuhi ileile watu wameshaanza kuvaa gomesi. Desemba kuwa makini zaidi, saluni zimejaa, msusi ana vichwa vinne vinamsubiri na anakaza ili amalize. Na miezi ya mvua, Machi mpaka Mei na Septemba mpaka Novemba kwa upande wa Kampala, jiulize utafika vipi kazini. Mistari ya chini ikilowa haikauki upesi, na ikikaa mbichi inanuka, harufu ambayo wewe unaizoea ila mwenzako kwenye teksi hajaizoea. Ukiwa mtu wa boda kila siku, helmeti nayo inasugua frontali, kile kipande cha neti chenye nywele, palepale mbele. Kampala tuko kama mita 1,200 juu ya bahari kuna kaubaridi kidogo, lakini dada zangu wa Arua na Gulu huko kaskazini kiangazi kile jasho linakaukia kwenye ngozi na kuwasha, mtu anajipigapiga kichwa kutwa nzima.

Kwa sisi Waislamu kuna jambo lingine na halikwepeki. Hadithi sahihi inawalaani mwenye kuunganisha nywele na mwenye kuunganishiwa, na wanazuoni wengi wanakataza kabisa nywele za binadamu mwingine, kwenye sufi na nyuzi ndio wengine wamelegeza. Bado kuna maji ya udhu na josho kufika panapotakiwa. Muulize sheikh unayemwamini kabla hujalipa, sio usiku wa kuamkia Idd nywele zimeshashonwa.

Pesa. Watu wanahesabu bei ya nywele tu halafu wanasema nimeweza. Hesabu nywele, kusukwa mistari, kushonewa, kuoshwa katikati, kufumuliwa, na tritimenti baada ya kufumua. Mfano tu, nywele laki 4 na hayo mengine yote laki 1 na nusu, hiyo ni laki 5 na nusu. Ukiivaa wiki 8 mara moja tu ni karibu elfu 69 kila wiki, ila kama ni nywele za binadamu za kweli unazishonea tena mara ya pili na ya tatu na bei inashuka, wakati sinthetiki, ile ya plastiki, inaanza kujifunga mafundo shingoni mapema na unaitupa. Kama hiyo laki na nusu ya matunzo huna, huna pesa ya wivingi, hata kama nywele zenyewe umepewa zawadi.

Dukani sasa. Pakiti moja kwa kawaida ni gramu 100, na kwa urefu wa nchi 12 mpaka 16 pakiti 2 au 3 zinatosha, lakini uzito ni uleule hata nywele ikiwa ndefu, kwa hiyo nchi 24 utahitaji pakiti zaidi au zitakuwa nyembamba huku chini. Nchi zinapimwa nywele ikiwa imevutwa, ukichukua za mawimbi za nchi 18 usishangae zikionekana fupi kuliko ulivyotegemea. Hayo majina ya Brazilian na Peruvian usiyalipie ziada, mengi ni ya biashara tu, nywele za binadamu zilizoko sokoni kwa wingi zinatoka India na China, nyingine zimenyolewa na waumini wa Kihindu kwenye mahekalu kama la Tirumala. Omba unywele mmoja uuwashe kiberiti. Wa binadamu unanuka kama manyoya ya kuku yakiungua na unabaki jivu la kusagika, wa plastiki unayeyuka kuwa kijidonge kigumu. Muuzaji akikataa kukupa unywele mmoja, soko la Owino ni kubwa, songa mbele.

Gundi ya kubandikia badala ya kushona mimi siipendi, niseme wazi. Nyingi zina mpira wa asili, na wapo watu ngozi zao zinaukataa, wanavimba na kutoa majimaji. Kama ni lazima kwa shughuli ya siku moja, ipakwe juu ya kofia ya neti na sio kwenye ngozi, na siku 2 kabla ujaribu tone nyuma ya sikio.

Ukiuliza mimi, mtu wa ofisini anayeamka saa 11 na kurudi saa 2 usiku, wigi yenye klosha (kipande cha neti chenye nywele cha kufunika juu) inamfaa kuliko wivingi. Unaivua usiku, kichwa kinapumua, unaosha biswahili zako Jumamosi basi. Wivingi inataka uoshe ngozi kila wiki moja au mbili, shampuu uichanganye na maji kwenye chupa yenye mdomo mwembamba uipitishe kati ya mistari, halafu ukae chini ya draya mpaka kule ndani pakauke kabisa, na umeme ukikatika ukiwa na kichwa kibichi hiyo ni shida yako. Kama hapo unajisikia uvivu, umeshapata jibu.

Siku ya kufumua usishtuke ukiona furushi la nywele. Mtu anapoteza nywele 50 mpaka 100 kwa siku, kwa wiki 8 zimejikusanya elfu 2 na 800 mpaka elfu 5 na 600, hazikuwa na pa kuanguka. Cha kutisha ni zikitoka kwa mafungu mahali pamoja. Ukishafumua pumzika wiki 2 hivi kabla ya nyingine.

Haya, umepima yote na bado unaitaka. Kaa kwenye kiti ila mwambie msusi mapema kwamba nywele za mbele kabisa asiziguse, mistari iwe ya wastani, na uzi asiukaze kwenye paji. Jaribu kuinua nyusi na kucheka kabla hajaanza kushona, ukihisi ngozi inavutika mwambie afumue mstari ule. Akikwambia vumilia, meza Panadol, kesho itazoea, hiyo sio kuzoea ni mizizi inalegea. Inuka, hata kama amefika nusu ya kichwa. Unafunga kitambaa, unamlipa nusu yake, unaita boda.