Siku tano Nairobi na rafiki, bila kuweka ukomo wa matumizi

Mimi nauza vitunguu kwa jumla soko la Kilombero, hapa Arusha. Rafiki yangu ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Tumejuana tangu darasa la tano, na kwa zaidi ya miaka ishirini safari zetu za pamoja zilikuwa za misiba na harusi tu: unapanda gari usiku, unapika, unaosha vyombo, unarudi. Miaka miwili tukaweka fedha kidogo kidogo, kila mmoja kwake, hadi Februari iliyopita tukaenda Nairobi siku tano, kutembea tu. Kuhusu fedha tulikubaliana kwamba hatuweki ukomo. Tulitaka angalau mara moja tukae mezani tuulizane hamu zetu kabla ya kutazama bei.

Watu wameniuliza tulipangaje tukarudi tukiwa bado marafiki. Ninavyoona, safari isiyo na ukomo inataka mipango mingi kuliko yenye ukomo. Ukiwa na laki tatu, hiyo laki tatu inakuamulia: hapa tunaingia, pale tunapita. Fedha isipoamua, mnaamua ninyi, na ninyi ni wawili.

Kwa hiyo anzeni kwa kuulizana "tusihesabu" ina maana gani kwa kila mmoja. Sisi tulikaa kibarazani kwake Njiro, nikamuuliza. Kwangu mimi, kutohesabu ni kutoogopa. Lakini kila senti bado naiandika, kwa sababu sokoni tunaambiana mali bila daftari huisha bila habari. Yeye akaniambia, "Mwenzangu, mimi kazini nahesabu glavu, nahesabu dripu, nahesabu vitanda. Siku tano sitaki kusikia namba." Tusingeulizana, ningefungua daftari mezani usiku wa kwanza na safari ingeharibika hapo hapo. Tukakubaliana: nitaandika usiku, chumbani kwangu, na hataonyeshwa mpaka aombe mwenyewe. Hakuomba.

Halafu tengenezeni mfuko wa pamoja. Wetu ulikuwa wa chakula, teksi na viingilio. Kila mmoja alitia kiasi sawa, na ulipopungua tukaongeza sawa kwa sawa bila kuulizana nani alikula samaki na nani alikula chipsi. Malazi tulilipa kabla ya kuondoka. Nguo na zawadi za nyumbani ni pochi ya mtu mwenyewe, na mwenzake hasemi neno juu yake. Mfuko alishika yeye, daftari nikashika mimi, kama kwenye kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, ambako mweka hazina na katibu hawawi mtu mmoja. Usiudharau mpangilio huu kwa sababu ninyi ni marafiki. Ni kwa sababu ya urafiki ndipo unahitajika.

Kuna fedha nyingine ambayo haiingii kwenye mfuko wala haiguswi: nauli ya kurudi na kiasi cha kwenda hospitali ikitokea mmoja ameugua. Tuliiweka kwenye bahasha, kila mtu chini kabisa ya begi lake. Ukomo hatukuwa nao, lakini bahasha tulikuwa nayo.

Sasa jambo ambalo ningependa ulifanye hata kama mengine utayaacha. Kila mmoja achukue karatasi, aende pembeni, aandike mambo matatu tu anayoyataka katika mji huo, yale ambayo akiyakosa ataona hakwenda. Msiandike pamoja. Ukiandika mbele ya rafiki unaandika ya kumfurahisha. Tulipobadilishana karatasi, nikaona kwamba mtu niliyemjua tangu utotoni sikujua anataka nini. Yeye aliandika: kulala mpaka nitakapoamka mwenyewe, na bwawa la kuogelea karibu, watoto yatima wa tembo, vitambaa vya mtaa wa Eastleigh. Mimi: soko la Marikiti alfajiri, mifupa ya mvulana wa Turkana, msitu wa Karura. Hakuna hata kimoja kilichofanana. Lakini kila mmoja alimweleza mwenzake kwa nini, na hapo ndipo safari ilipoanza kupendeza.

Tembo aliwataka kwa sababu ya kazi yake. Kituo cha Sheldrick, kilichoanzishwa mwaka 1977 pembeni mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, kinalea watoto wa tembo waliopoteza mama zao. Walezi wanawapa maziwa ya chupa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, na usiku mlezi analala humo humo zizini na mtoto wake. Yeye hiyo ndiyo zamu yake ya maisha. Mimi mvulana wa Turkana nilimtaka kwa sababu watoto wa Arusha tunakua tukisikia Olduvai na lile fuvu la zamadamu, Zinjanthropus, alilolipata Mary Leakey mwaka 1959, na nilitaka kumwona jirani wa Kenya: mifupa karibu ya mwili mzima, ya takribani miaka milioni 1.5, aliyoigundua Kamoya Kimeu mwaka 1984 upande wa magharibi wa Ziwa Turkana. Karura, kwa sababu Wangari Maathai alipigwa akiutetea msitu ule usigawiwe kwa wajenzi, miaka kabla hajapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Marikiti nitaieleza mbele.

Mkishapata mambo yenu sita, yatafuteni kwenye ramani kabla ya kuyagawa kwa siku. Nairobi inakula muda kwa foleni. Tembo na kituo cha twiga viko upande wa Lang'ata, hivyo ni siku moja. Makumbusho, aliko mvulana wa Turkana, na katikati ya mji ni siku nyingine. Karura ni kaskazini. Kila siku pangeni jambo moja kubwa, asubuhi, na mchana uachwe wazi. Kuna barabara ya kulipia, ile ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022. Ukiwa huna ukomo, mwambie dereva apite huko, ni fedha iliyotumika vizuri. Lakini haifiki kila mahali.

Hapa ndipo tulipokosea. Hoteli tulichukua Westlands kwa ajili ya bwawa. Tembo wanaonyeshwa saa moja tu kwa siku, saa tano hadi saa sita mchana, na nafasi lazima uweke mapema. Siku ya pili tulikunywa chai taratibu, tukatoka saa nne, foleni ikatushika, na tulipofika ilikuwa saa sita kasoro robo. Alimwona mtoto mmoja akimalizia chupa, kisha wakaondoshwa. Hakulia, lakini hakusema neno mpaka tulipomaliza kula mchana, na mimi namjua: afadhali angelia. Twiga tuliwalisha jioni ile kwa ukimya.

Usiku tukaongea. Tungeweza kulipa tena, fedha ilikuwepo. Asubuhi ya pili ndiyo haikuwepo. Siku tano, ukitoa ya kwenda na ya kurudi, zinabaki tatu, na kila asubuhi ilikuwa na mwenyewe. Kitu kimoja lazima kitoke. Nikatoa Karura. Siku ya nne tukaondoka saa tatu kamili, tukafika mapema, akasimama kwenye kamba mbele kabisa, na nilipomwona anavyowaangalia walezi na chupa zao sikuujutia msitu wangu. Kwa hiyo mnapopanga, muulizane mapema: kikitokea cha kutoka, kitoke kipi? Sisi tulibahatika kuelewana; ingekuwa rahisi zaidi kama tungeshaamua tukiwa Njiro.

Kuhusu kulala, ushauri wangu ni vyumba viwili. Fedha ikiruhusu, inunue usingizi kabla ya kununua kioo kikubwa na mandhari. Yeye anaamka usiku kwa mazoea ya zamu, mimi naamka saa kumi kwa mazoea ya soko; chumba kimoja kingetumaliza. Na msiamini picha. Nilishawahi kulala kwenye nyumba ya wageni, mji mwingine, ambayo bwawa lake la pichani lilikuwa pipa la maji lililopakwa bluu. Pigeni simu, ulizeni maji ya moto, ulizeni kelele za usiku, ulizeni kwa jina vitu mlivyoandika kwenye karatasi.

Nyaraka ni jambo fupi. Mtanzania haombi viza ya Kenya, lakini pasipoti iwe hai. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano beba, na kama hujachanjwa usingoje wiki ya safari, kwa kuwa cheti kinaanza kuhesabika siku kumi baada ya sindano. Tangu mwaka 2016 ukishachanjwa ni kwa maisha yako yote. Mifuko ya plastiki acha nyumbani. Kenya waliipiga marufuku mwaka 2017, miaka miwili kabla yetu. Muuguzi naye asisahau barua ya likizo. Yetu ilichukua muda kuliko kila kitu.

Tulipanda shato, basi dogo la abiria, la asubuhi. Ndege kutoka KIA, uwanja wa Kilimanjaro, tuliifikiria, lakini ukijumlisha mwendo wa kwenda uwanjani, kusubiri, na foleni ya kutoka uwanja wa Nairobi, muda unaookoa ni mdogo. Kwa shato unapita Longido hadi Namanga, kama kilomita 110. Siku hizi mpakani unashuka mara moja tu, upande wa nchi unayoingia: afisa wetu anakugongea muhuri wa kutoka na wa Kenya anakugongea wa kuingia humo humo. Fedha badilisheni benki au kwenye duka la kubadilishia, wala si kwa vijana wanaokufuata dirishani.

Shilingi ya Kenya ni kama ishirini za kwetu. Zidisha kwa ishirini siku ya kwanza ili akili izoee, kisha acha kuzidisha kwa vitu vidogo, la sivyo kila chai itakuuma. Jifunzeni pia majina ya fedha: mbao ni ishirini, soo ni mia, thao ni elfu. Mchuuzi wa Eastleigh alimwambia rafiki yangu kitambaa ni "thao mbili na soo tano" akabaki ananitazama mimi. Tukamwomba aseme taratibu, akacheka, akapunguza soo mbili. Tukanunua na laini ya simu kwa pasipoti, kwa sababu Kenya ndiko M-Pesa ilikoanzia mwaka 2007 na hata muuza mahindi ana namba ya kulipia. Walikuwa wakitusikia tunavyoongea wanatuuliza, "Nyinyi ni wa Tanzania?" na mara nyingi bei ilishuka kidogo kwa ajili ya Kiswahili chetu. Salimieni watu vizuri.

Sasa Marikiti. Siku ya tano shato letu lilikuwa saa nane mchana, hivyo alfajiri ilikuwa yangu. Yule aliyeandika "kulala mpaka nitakapoamka mwenyewe" aligonga mlango wangu saa kumi na moja, amevaa raba na kitenge. Sikumwomba. Teksi ya kuaminika tuliiagiza hotelini tangu jana yake, simu na pochi tukaziacha, tukabeba fedha ndogo tu. Soko la Wakulima, ndilo hilo Marikiti, pale karibu na Haile Selassie Avenue linaamka kabla ya jua: mikokoteni, matope, watu wanapiga kelele upishe mzigo. Nilikwenda moja kwa moja kwenye vitunguu. Vyekundu, vikavu shingoni, vya saizi moja, na nikajua kabla sijauliza. Mama aliyekuwa akichambua akasema, "Hivi ni vya Tanzania." Nikamwambia, mama, mimi ninanunua Mang'ola kule Karatu, nauza Kilombero. Akanishika mkono. Tulikaa juu ya magunia yake kama nusu saa, ananiambia wanunuzi wake wanataka saizi gani, namwambia wakulima wetu wanavyolalamikia lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita kipimo. Rafiki yangu alituletea chai, akakaa nasi.

Ile asubuhi iliyobaki hatukuwa tumeipangia kitu. Tulitembea kidogo mpaka kwenye bustani ya kumbukumbu ya tarehe 7 Agosti 1998, kwenye kona ya Moi Avenue, pale lilipolipuliwa jengo la ubalozi wa Marekani. Siku hiyo hiyo ya mwaka huo walilipua na Dar es Salaam. Majina ya waliokufa Nairobi yamechongwa ukutani. Rafiki yangu aliyasoma yote, taratibu, kidole kikipita juu ya kila jina, nami nikamngoja kwenye benchi.

Tulipofika Namanga mfuko wa pamoja ulikuwa umebaki na shilingi za Kenya elfu mbili na kidogo. Nilitaka tuzigawe. Akasema zikae kwake, kwa ajili ya kiingilio cha Karura.