Leseni za Wi-Fi ya chuo: uliza kwanza zikiisha itakuwaje

Somo hili ni la wale wanaonunulia vyuo vya huku kwetu Kenya vifaa vya Wi-Fi, kuanzia Njoro hadi Bondo, vyuo vya AP (vifaa vya kurusha Wi-Fi) 20 hadi 100 hivi. Wauzaji watakujia na kasi. AP za Wi-Fi 6 za daraja moja hazipishani sana kwa kasi, na intaneti ya chuo hujaa kabla AP haijachoka. Kinachokuja kuumiza mwaka wa pili ni leseni, yaani ada ya kutumia au kusimamia vifaa ulivyokwisha kununua. Basi muulize kila muuzaji swali moja, na ajibu kwa maandishi: leseni ikiisha na malipo hayajatoka, mtandao utafanya nini?

Hatua ya 1: Wapange wauzaji kwa jibu lao

Meraki, chapa ya Cisco, yuko peke yake upande mmoja. Leseni ikipita tarehe unapewa siku 30, kisha vifaa vinaweza kuacha kupitisha data kabisa. Ni vifaa vizuri na dashibodi yake ni rahisi kuliko zote, lakini chuo ambacho malipo yake hukaa miezi mezani kisikimbilie huko.

Katikati kuna Aruba na Ruckus, ambao wana njia mbili kila mmoja. AP za Aruba za aina ya Instant huchagua AP moja miongoni mwao iwe kontrola (msimamizi wa AP zote), bila leseni. Unaanza kulipa ukitaka kuzisimamia kwa Central, huduma ya Aruba ya wingu. Ruckus ni vivyo hivyo: mfumo wake wa Unleashed hauna leseni ya kontrola, kontrola yake ya SmartZone inataka leseni kwa kila AP. Unleashed ina kikomo cha idadi ya AP kulingana na modeli, kwa hiyo kiangalie kabla ya kununua, si siku ya kuongeza bweni jipya.

Upande wa pili, chapa za UniFi na Omada hazidai ada ya kila mwaka ukiendesha kontrola kwenye seva yako. Ila Omada ina pia kontrola ya wingu ya kulipia, na hiyo na ile ya bure zote zinaitwa Omada, kwa hiyo soma kotesheni vizuri. Gharama hapa ni kazi: lazima awepo mtu wa kuhifadhi nakala za mipangilio na kusasisha programu. Kama chuo hakina mtu huyo, “bure” itakuwa ghali.

MikroTik leseni yake haiishi muda, ila ina viwango. Kiwango cha 4 kinaruhusu watumiaji 200 wa hotspoti (ukurasa wa kuingilia Wi-Fi) kwa wakati mmoja, cha 5 ni 500, cha 6 hakina kikomo. Mwanafunzi wa 201 anakataliwa, halafu fundi anapoteza siku nzima akikagua AP ambazo hazina kosa lolote.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya miaka 5, kwa dola

Chukua mfano wa leseni ya dola 100 kwa AP kwa mwaka. AP 40 kwa miaka 5 ni dola 20,000. Kwa dola ya shilingi 129 hiyo ni shilingi 2,580,000. Kwa 160, kiwango kilichofikiwa Januari 2024, ni 3,200,000. Tofauti ni shilingi 620,000, na hakuna AP hata moja iliyoongezeka. Ukiweza, lipia miaka 3 au 5 pamoja na vifaa, pesa ya mradi ikiwa bado ipo. Ada ya kila mwaka ndiyo hukatwa kwanza bajeti ikibanwa.

Hatua ya 3: Chagua tarehe ya kuisha

Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa Juni 30. Leseni inayoisha Julai au Agosti inakuta bajeti mpya bado haijafunguka vizuri. Omba ianze ili iishie kati ya Novemba na Machi.

Hatua ya 4: Swichi na kebo

AP nyingi za Wi-Fi 6 zinataka PoE (umeme unaopita kwenye kebo ya mtandao kutoka kwenye swichi) ya kiwango cha 802.3at, wati 30 kwa kila mlango. Swichi ya milango 24 yenye bajeti ya wati 370 inabeba AP 12 kwa uhakika, si 24. Ukiichomeka AP hiyo kwenye swichi ya kiwango cha zamani cha 802.3af, cha wati 15.4, taa inawaka lakini modeli nyingi hupunguza nguvu ya redio zenyewe, kisha AP inalaumiwa.

Kati ya majengo pitisha faiba. Radi za Kakamega na Kisii mnazijua: waya wa shaba wa nje huileta hadi kwenye swichi.

Hatua ya 5: Andika zabuni

Kwa vyuo vya umma, Sheria ya Ununuzi ya 2015, kifungu cha 60, inataka maelezo ya utendaji, si jina la kampuni. Hiyo inakusaidia. Andika: AP ya 802.11ax (ndiyo Wi-Fi 6), usalama wa WPA3, 802.1X (kila mtu kuingia kwa akaunti yake) kwa ajili ya eduroam, Wi-Fi ya pamoja ya vyuo, ya KENET, mtandao wa vyuo vya Kenya. Leseni zote za miaka 5 ziwe ndani ya bei. AP iendelee kupitisha data leseni ikiisha. Barua ya idhini kutoka kwa mtengenezaji. Sentensi ya leseni peke yake hupunguza washindani kuliko kurasa kumi za vipimo vya redio.

Hatua ya 6: Kupokea mzigo

Usitie sahihi kabla namba za utambulisho za vifaa (serial) hazijaingizwa kwenye akaunti ya chuo, kwa barua pepe ya idara wala si Gmail ya muuzaji. Ikiwa ya kwake na mkikosana, yeye ndiye atakayebaki na funguo.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Kisumu: Mwalimu, tuna Meraki 40 ambazo leseni zake zimebakiza miaka 3. Tukiongeza 10 za mwaka mmoja, za zamani zinabaki na miaka yake?*

Hapana, kama mko kwenye mfumo wa tarehe moja kwa wote. Leseni zikiwa za aina moja, hesabu ni 40×3 jumlisha 10×1, yaani 130, gawanya kwa 50: miaka 2.6. Mmepoteza karibu miezi mitano kwa AP za zamani. Nunueni hizo 10 kwa miaka 3 pia.

*Kutoka Nakuru: Kuna jamaa anauza Aruba za mtumba kwa bei ya kutupa. Shida iko wapi?*

Tazama mwisho wa jina la modeli. Huku tunatumia RW. Zenye US zimefungiwa Marekani, redio zake hazitakubali kuwekwa nchi nyingine. Kwa Meraki ya mtumba ni mbaya zaidi: kama mwenyewe wa kwanza hajaiondoa kwenye akaunti yake, huwezi kuisajili. Muombe muuzaji aisajili mbele yako ndipo umlipe.

*Kutoka Kakamega: Naweza kuchanganya UniFi za bweni na Aruba za maktaba?*

Unaweza, zikiwa na jina moja la mtandao, VLAN (migawanyo ya mtandao) zilezile na seva moja ya RADIUS, inayohakiki wanaoingia; programu ya FreeRADIUS inatosha. Simu itaunganika upya kwenye mpaka wa mifumo hiyo miwili, kwa hiyo weka mpaka uwanjani, usiuweke katikati ya jengo. Na chaneli za GHz 2.4 zipange kwa mkono, 1, 6 na 11, maana kontrola moja haijui nyingine imechukua ipi.