Kabla ya kuagiza jengo la chuma huko Minnesota, Marekani

Jengo la chuma la kiwandani hufika likiwa limekatwa na kutobolewa tayari, kila nguzo na namba yake. Ardhi haitoki kiwandani, na kwa baridi ya Minnesota ndiyo ya kushughulikiwa kwanza.

Kina cha msingi kwa kanuni za jimbo ni inchi 42 (sentimita 107) upande wa kusini, Minneapolis ikiwemo, na inchi 60 kaskazini, iliko Duluth. Ardhi ikiganda juu ya kina hicho huinua msingi, na kinachouinua si yale maji yaliyomo udongoni tu; udongo wa chembe ndogo unaoganda hufyonza mengine kutoka chini na kuyapanga matabaka ya barafu. Kokoto safi na mfereji wa kutoa maji hukata mfyonzo huo. Kosa linalojirudia ni hili: zege linamwagwa Oktoba, chuma kinachelewa, msingi unabaki wazi hadi Machi. Upande wa ndani haujafukiwa, baridi inapenya hapo mpaka chini ya msingi, na zile inchi 42 za nje hazisaidii kitu. Kama chuma hakina tarehe ya uhakika, fukia pande zote mbili na utandike mablanketi ya kuhifadhi joto.

Zege lisimwagwe juu ya ardhi iliyoganda. Hewa ikielekea chini ya nyuzi 4 za Selsiasi, lifunike lisigande kabla ya kufikia nguvu ya megapaskali 3.5. Kloridi ya kalsiamu hulifanya lishike haraka, ila hula nondo na bolti. Bolti za nguzo zishikwe kwa kiolezo cha plaiwudi, na matundu ya bolti kwenye zege yazibwe: maji yakiganda mle hupasua zege.

Kiwanda kiambiwe mambo matatu: mzigo wa theluji ardhini (pauni 50 kwa futi ya mraba kusini, 60 kaskazini; ofisi ya vibali ithibitishe), jengo refu la jirani, maana upepo hurundika theluji kwenye paa la chini, na kama ndani kutawashwa joto. La tatu ndilo husahaulika. Paa la jengo lisilo na joto hukaa na theluji zaidi. Lenye joto nalo lina lake: mvuke ukigusa bati baridi unakuwa maji, sufi ya kuhifadhi joto inalowa. Nailoni ya kuzuia mvuke ikae upande wa ndani, maungio yakifungwa kwa utepe.

Mabati yakifika, yapange juu ya mbao yakiwa yameinama kidogo. Maji yakinaswa katikati, shiti hugandana na zinki hufanya unga mweupe. Utepe wa kuziba maungio ya paa uhifadhi penye joto, uutoe kipande kwa kipande. Kwenye bati lenye jalidi haushiki, hata uukandamize vipi.