Jinsi ya kusoma takwimu za chanjo za watoto bila kudanganywa na asilimia

Ukikutana na grafu ya chanjo ya nchi yoyote inayoendelea, ule mstari unaopanda tangu 1980, usikimbilie kushangilia, kwanza uliza hiyo asilimia imetoka wapi. Ziko za aina mbili. Kuna ya vituoni, yaani dozi zilizotolewa gawanya kwa idadi ya watoto waliotakiwa kuchanjwa mwaka huo, halafu kuna ya utafiti wa kaya, watu wanapita nyumba kwa nyumba wanaomba kadi ya kliniki, na kadi isipoonekana wanamuuliza mama anakumbuka nini.

Ya vituoni ndo inasumbua. Tuseme wilaya imekadiriwa kuwa na watoto 10,000 na manesi wametoa dozi 10,600, jibu linakuja 106%, kitu ambacho hakiwezekani kabisa. Hapo ujue makadirio ya sensa yamezeeka, au wamama wa wilaya jirani wanavuka kuja kuchanjia pale, au kuna mtu kajumlisha rejista vibaya. Inaniuma sana hii, kwa sababu kunaweza kuwa na kijiji kizima hakijafikiwa na ripoti bado inang'aa.

Ya utafiti kwa kawaida inaangalia watoto wa miezi 12 hadi 23, kwa hiyo utafiti wa 2022 unakupa habari za waliozaliwa 2020 na 2021 hivi, sogeza nyuma kabla hujalinganisha. WHO na UNICEF wanapima vyanzo vyote viwili na kutoa makadirio yao kila mwaka, na miaka ya nyuma nayo wanairekebisha, so usichanganye faili la zamani na jipya, chukua toleo la mwisho lote.

Sasa hesabu muhimu kuliko zote: chukua penta 1 (asilimia ya watoto waliopata dozi ya kwanza ya penta, chanjo moja inayokinga magonjwa matano), toa penta 3 (waliopata dozi ya tatu), gawanya kwa penta 1, zidisha kwa 100. Mfano penta 1 ni 90% na penta 3 ni 72%, unapata 20%, yaani katika kila watoto watano walioanza mmoja kaishia njiani. Ikizidi 10% kuna tatizo, na tatizo hilo mara nyingi liko kituoni, mama alishafika mara ya kwanza, labda aliporudi akakuta dozi zimeisha au hakuna aliyemwambia tarehe ya kurudi. Ila penta 1 yenyewe ikiwa chini ni habari nyingine, hao hawajaguswa kabisa na inabidi wafuatwe huko huko waliko.

Surua isome peke yake. Inataka kama 95% ili isisambae, tena kwa dozi mbili. Nchi yenye watoto 500,000 kwa mwaka ikikaa kwenye 85% inaacha 75,000 kila mwaka, miaka minne ni 300,000, mlipuko ukija watu wanashangaa na grafu ilikuwa imetulia tu!

Na mstari ukishuka halafu ukapanda tena, kama dunia nzima ilivyoshuka kutoka 86% ya dozi ya tatu ya chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro 2019 hadi 81% mwaka 2021, kumbuka kupanda kunahusu watoto waliozaliwa baadaye. Wale waliorukwa watafute kwenye ripoti za kampeni za kufidia dozi, usipoziona wahesabu kuwa bado hawajachanjwa.