Kingamwili na seli za kinga za tilapia: jinsi ya kuanza ukiwa na lab ndogo hapa Mombasa

Kingamwili ni protini inayoshika kitu kimoja maalum, na hapa tunaitumia kupaka rangi seli za kinga za samaki ili tuzitambue. Kabla hujatoa hata shilingi kuinunua uliza hii imetengenezewa mnyama gani, maanake nyingi zinazouzwa ni za seli za binadamu au panya, na protini za juu ya seli za tilapia ni tofauti mno, kwa hivyo kingamwili ya CD4 ya binadamu (CD4 ni protini ya juu ya aina moja ya seli za kinga) ukiiweka pale mara nyingi haishiki kitu, au yashika ovyo ukadhani umepata jibu. Hata ya trauti, ambaye ni samaki pia, usiiamini kwa tilapia wala kwa mwatiko mpaka uijaribu mwenyewe. Mimi nawaambia vijana waanze na ya kushika IgM, yaani kingamwili ya samaki mwenyewe, inaonyesha seli B, zile zinazoitengeneza. Ipitishe kwanza kwa western bloti, kipimo kinachotenganisha protini kwa ukubwa, ukitumia seramu ya samaki wako, ukiona mstari kama kwenye kilodaltoni 70 hadi 80 (kipimo cha uzito wa protini) basi huo ni mnyororo mzito wa IgM, kile kipande chake kikubwa, una pa kuanzia.

Sasa samaki. Mlaze usingizi kwa mafuta ya karafuu, lakini yayeyushe kwa spiriti kwanza, peke yake yanaelea tu juu ya maji. Toa damu kwa mshipa wa mkia, sindano iwe imepakwa heparini damu isigande, halafu mfungue uchukue bandama na figo la kichwa, lile la mbele kabisa karibu na fuvu. Samaki hatengenezi damu ndani ya mifupa kama sisi, kazi hiyo anaifanyia pale, ndio maana seli za kinga zimejaa. Angalia usipasue nyongo.

Hapa ndipo wengi huharibu. Tumezoea kwa damu ya binadamu kupasua chembe nyekundu kwa dawa ya amonia kloraidi, lakini chembe nyekundu za samaki zina kiini, ukizipasua viini vinabaki na DNA inavuja, tyubu yote inakuwa kamasi. Kwa hivyo kamua figo kwenye wavu wa maikromita 100, weka taratibu juu ya Percoll (maji mazito ya kutenganishia seli) ya tabaka mbili, asilimia 34 na 51, zungusha kwa mashine ya sentrifuji kwa nguvu ya 400 g dakika 30 bila breki, uchukue ule mstari mweupe wa kati. Yote haya juu ya barafu jamani, joto la Mombasa mwezi wa Machi halina huruma na seli haziwezi kungoja umalize chai.

Kupaka rangi si kazi ngumu: seli milioni moja kwa tyubu, kingamwili ya kwanza nusu saa kwa barafu, osha mara mbili, ya pili yenye rangi, inayoishika ile ya kwanza, nusu saa gizani, osha tena. Kiasi cha kuichanganya na maji yake usikisie, jaribu 1:50, 1:100, 1:200 na 1:400 uone ipi inatenganisha vizuri. Halafu weka tyubu isiyopakwa chochote, na yenye ya pili peke yake, na yenye kingamwili isiyohusika ya aina ileile, nakuomba hizi usiziruke hata pesa ikiwa kidogo. Seli za samaki zina tabia ya kumeza na kunasa vitu, mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba hata seli B za trauti zinameza, kwa hivyo bila hizo tyubu huwezi jua kipi kimeshikwa na kipi kimenaswa. Na kwenye bandama kuna makundi ya makrofaji (seli zinazomeza uchafu) yenye rangi ya kahawia, yanang'aa yenyewe chini ya darubini, usiyahesabu.

Kingamwili ikifika tu, igawe kwa vityubu vidogo vya kutumia mara moja. Lab moja niliyofanyia kazi stima ilipotea Ijumaa usiku na Jumatatu tukakuta friza ina maji, chupa nzima ya miezi mitatu ya kungojea imekufa, iliniuma sana. Sasa tunagawa nusu friza hii, nusu ile nyingine yenye jenereta.