Kukaza upya bolti za silinda hedi: Land Rover ya petroli, lita 2.25

Gasketi mpya ya hedi, lile bamba jembamba la kuziba kati ya hedi na bloku, hunywea. Injini ikipata moto mara ya kwanza baada ya ovahoo, gasketi hukandamizika kidogo, na bolti uliyoikaza vizuri jana leo haivuti kama ilivyokuwa. Ukiiacha hivyo, gesi ya moto hujipenyeza, ikaunguza gasketi kati ya silinda mbili au ikaingia kwenye njia ya maji. Ndipo mapovu yanatokea kwenye rejeta na maji yanapungua bila kudondoka popote.

Kwenye Land Rover Series II na III za petroli zenye injini hii, bolti kubwa za hedi ni za nusu inchi: soketi 3/4, toki (nguvu ya kukaza) futi-pauni 65 (Nm 88). Zile ndogo za 5/16 kwenye stendi za roka (mikono inayosukuma valvu) ni futi-pauni 18 tu (Nm 24). Usizichanganye, maana ndogo ikipewa nguvu ya kubwa hukatika.

Washa injini mpaka ishike joto lake la kawaida, izime, kisha iache ipoe kabisa. Ikilala usiku kucha ndiyo salama zaidi. Fungua tapeti kava (kifuniko cha juu ya hedi). Anza na bolti za katikati ya hedi, uende ukitanuka kuelekea pande zote mbili.

Wengi hukosea hapa: wanaweka spana ya toki, inalia kuonyesha nguvu iliyopangwa imefika, wanaridhika. Bolti iliyokaa hung'ang'ania, na spana inaweza kulia kabla haijasogea hata kidogo. Kwa hiyo ilegeze robo mzunguko, halafu ivute taratibu, mvuto mmoja bila kusita, hadi futi-pauni 65. Maliza hiyo ndipo uguse nyingine; usiache mbili zimelegea kwa pamoja. Bolti inayozidi kuzunguka bila kufika toki imevutika au uzi wa bloku umekufa. Simama hapo hapo, itoe uikague.

Sasa tapeti, yaani nafasi kati ya roka na valvu, na hatua hii si ya hiari. Hedi ikishuka, roka husogelea fimbo zinazozisukuma kutoka chini na nafasi hupungua. Valvu isiyofunga sawasawa huungua. Toa plagi, zungusha injini kwa hendeli ya mbele, upime kwa fila geji (bamba jembamba la kupimia nafasi) ya inchi 0.010 (mm 0.25). Hesabu valvu 1 hadi 8 kuanzia mbele, ukitumia kanuni ya tisa: ya 8 ikiwa imefunguka kabisa, rekebisha ya 1; ya 6 ikifunguka, rekebisha ya 3; hivyo hivyo, jumla ya namba hizo mbili iwe 9 daima.

Rudia yote, pamoja na tapeti, baada ya kilomita 800 hivi.

Utaratibu huu usiupeleke kwenye injini za kisasa ambazo bolti zake hukazwa kwa digrii (kwa kuzungushwa pembe maalumu). Bolti hizo huvutwa makusudi hadi karibu na kikomo chao. Ukizilegeza na kuzikaza tena unazivuta kupita kiasi. Hizo fuata kitabu cha injini yenyewe.